Kadi Tatu Zilizopotea Mezani

Idara ya Picha za Miradi Ijayo ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kompyuta yake mpya ina kadi za picha nane, zote zipo, zote zina afya njema, na hakuna hata moja iliyowahi kuibwa na mtu yeyote, hasa Naibu Mkurugenzi wa Vifaa. Naibu Mkurugenzi wa Vifaa ni mimi.

Kwa wasioifahamu Idara yetu, zamani serikali ilikuwa ikijenga daraja, kisha wananchi wanalilalamikia. Sisi tumeondoa usumbufu huo. Tunalichora daraja kwenye kompyuta, na magari yake, na jua lake, na watoto wanaopunga mikono, halafu tunalionyesha kwenye skrini kubwa kando ya mto, ili mwananchi anayevuka maji huku ameshika viatu mkononi ajue anavuka chini ya kitu gani. Daraja la kuchorwa halina nyufa. Ila linataka kompyuta yenye misuli, na misuli yenyewe ndiyo hizo kadi za picha, vipande vizito vyenye feni, kila kimoja kikibeba sehemu yake ya mchoro.

Kadi nane nilizipokea mimi kwa mikono yangu. Aliyeziunganisha ni Fundi, ambaye ni mdogo wake mke wangu. Ningependa ieleweke kwamba kazi hiyo aliipata kwa ushindani wa wazi, ingawa siku ya ushindani wengine hawakuambiwa. Kwa kuwa kadi nane haziingii kwenye sanduku la kawaida, alitengeneza fremu ya chuma juu ya meza, akazipanga kama nguo kwenye kamba, kila moja na waya wake wa kuiunganisha na ubao mkuu wa kompyuta. Akawasha. Feni zote zikazunguka, taa zote zikawaka, na skrini ikaandika kwamba kompyuta ina kadi tano.

Hapo ndipo alipoingia Mkaguzi wa Ndani, mtu mkavu ambaye hata maji huyanywa kwa mashaka. Aliisoma skrini mara mbili.

"Zimeingia nane, zipo tano," alisema. "Tatu ziko wapi, Naibu?"

Nikamshika mkono, nikampeleka mezani, nikamwonyesha moja, mbili, tatu. Akaigusa ya tatu, akauondoa mkono haraka kwa joto.

"Hizi naziona kwa macho," alisema. "Macho siyo mfumo. Mfumo unasema tano."

Mantiki yake ilikuwa safi, na hadi leo naiheshimu. Akanipa muda mpaka siku ya uzinduzi, Waziri atakapokuja kulifungua daraja. Skrini ikionyesha nane siku hiyo, mimi ni mtumishi mwadilifu. Ikionyesha pungufu, mimi ni mwizi wa mali ya umma, na askari atakuwa pale mlangoni kunisaidia kutoka. Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa upole nimeziuza wapi, na kama nimeziuza, mbona makochi ni yale yale. Nilipoapa kwamba sijauza kitu alinikunjia sweta na blanketi akaviweka kwenye mfuko, akasema wenzangu waliotangulia jela huwa wanalalamika baridi. Niliumia sana. Mtu unaishi naye miaka yote hiyo, na blanketi anakuchagulia lile la wageni.

Mkurugenzi wetu hakukaa kimya. Ni kiongozi mwenye maono, na kitambi kinachoyatangulia maono hayo. Aliunda Kamati ya Kadi Zisizoonekana, nayo kamati ikabaini kwamba kadi zilikuwa zimepangwa bila kuzingatia vyeo, kadi ya daraja la juu ikakalishwa pembeni ya fremu wakati kadi ndogo inajivuna katikati. Tukazipanga upya kwa ukubwa wa cheo. Skrini ikasema nne. Mkurugenzi akateremka mwenyewe kutoka ofisini kwake, akasimama mbele ya meza na kuzihutubia kuhusu uzalendo na mahudhurio kazini, na wakati wa hotuba, nasema ukweli, zilionekana sita. Alipomaliza na kupanda juu, zikarudi tano. Kamati ilipendekeza hotuba ziwe ndefu zaidi.

Fundi naye alikuwa na njia zake. Alisugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Akaapa kwamba ubovu uko kwenye nyaya za kuunganishia, tukanunua mpya, wapi. Akaapa kwamba ni ubao mkuu, tukaubadilisha, wapi. Huyu shemeji yangu hajawahi kukosea kwa sauti ya chini, na kila alipokosea jengo zima lilijua.

"Haya, tunarudi kwenye ABC," alisema hatimaye, akiketi sakafuni katikati ya nyaya. "Hapa hakuna uchawi, shemeji. Unatoa kimoja, unawasha, unaangalia. Hakuna kitu, unarudisha, unatoa kingine. Ukitoa kitu mambo yakanyooka, basi huyo ndiye mchawi wako, usimrudishe."

"Si umesema hakuna uchawi?"

"Shemeji, shika tochi."

Kwa bahati Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake uliangaza. Alisema kwamba katika utumishi wake wote hajawahi kusikia sera fupi namna ile, na kabla ya chakula cha mchana ukatoka Waraka wa Uondoaji wa Mmoja Mmoja, unaoagiza kila ofisa aondolewe kazini kwa siku yake, Idara iwashwe bila yeye, na matokeo yatazamwe. Waraka ulisisitiza kwamba kitakachoondolewa mambo yakanyooka, kisirudishwe. Nilimweleza kwa heshima kwamba Fundi alikuwa akizungumzia nyaya.

"Na wewe unadhani Idara ni nini?" alinijibu.

Akaondolewa Afisa Itifaki. Hakuna kitu. Wakaondolewa wachumi wote kwa mkupuo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Hakuna kitu. Akaondolewa mama wa chai, na ikabidi arudishwe kwa gari la Idara, king'ora kikilia. Nikaondolewa mimi. Nilishinda nyumbani nikiitazama simu, na simu ikinitazama. Kesho yake niliuliza kwa utani kama kuna lolote lililoharibika, wakasema wao walidhani nilikuwepo.

Akabaki Mkurugenzi. Tulimsihi asijiondoe. Yeye akasema kiongozi bora ni mfano, na kwamba tutakapomkosa ndipo tutakapojua jengo hili limesimama kwa nguzo gani. Alifunga ofisi yake, akazima kila kitu kwa mkono wake, akaizima na simu ili tuhangaike vizuri, akaenda kwake kungojea maafa.

Asubuhi ile Fundi aliwasha kompyuta huku anapiga miayo. Miayo ikamkatikia mdomoni. Kadi nane.

Hatukuamini. Tukazima, tukawasha, nane. Daraja lilijitokeza skrini nzima, nguzo kwa nguzo, jua likimeta kwenye vyuma, magari yakipishana kwa adabu ambayo haijawahi kuonekana barabarani. Nilimbeba shemeji juu juu. Mama wa chai akapiga vigelegele, wachumi wakacheza, kila mmoja kwa mdundo wake. Mkaguzi akaja, akahesabu, akanipa mkono wa pongezi kwa uungwana wa kurudisha nilichoiba, na akasema jambo hilo litasaidia kupunguza adhabu.

Mkurugenzi alirudi kesho yake akitarajia kukuta majivu. Akakuta watu wanacheka. Alipanda ofisini bila kusalimia, na muda si mrefu daraja likatoboka katikati na kadi zikawa tano. Fundi aliitazama dari, akatazama waya uliotoka ukutani, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye ngazi, na mimi nyuma yake. Juu kule tulimkuta Mkurugenzi katikati ya viyoyozi viwili vinavyonguruma, friji, beseni la umeme la kuloweka miguu, na kiti kinachokanda mgongo, kikimtikisa hadi mashavu. Vyote hivyo vilikula umeme wa laini moja na kompyuta yetu. Waliokuwa juu walishiba, na kadi tatu za mwisho chini zikalala njaa.

"Mkuu, zima kimoja tu," alisema Fundi. "Hata hicho kiti."

Lakini Fundi hajui utumishi. Kanuni haziruhusu kiyoyozi, friji, beseni wala kiti cha Mkurugenzi kuzimwa wakati Mkurugenzi yumo ndani, maana kiti kikizimwa itaonekana kimezimwa cheo. Hazisemi chochote, hata hivyo, kuhusu Mkurugenzi akiwa nje. Na Waraka wake mwenyewe, wenye sahihi yake yenye mikia miwili, ulikuwa wazi kabisa. Aliusoma mara kadhaa, akitikisika. Kisha, kwa moyo mkuu ambao umma haujui, akakubali kuondolewa asirudishwe. Tangu siku hiyo aliiongoza Idara kutoka kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, na mlinzi, ambaye ni mtu mwema, alimruhusu kupokea salamu za nusu ya magari.

Basi ikafika siku ya uzinduzi. Nilikuja na mfuko wangu wa blanketi kwa sababu mke wangu si mtu wa kubahatisha. Mkaguzi alisimama mlangoni na askari. Skrini ilionyesha nane, daraja likiwa zima, na juu ya daraja tulikuwa tumemchora Waziri mwenyewe, mwembamba kidogo kuliko alivyo, akitembea kutoka ng'ambo moja hadi nyingine huku akipunga mkono. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilianza hata kumsamehe Mkaguzi.

Waziri akaingia na msafara. Vijana wake wakaingiza spika nne ndefu kuliko mtu, taa za wapiga picha, birika la umeme la chai ya Mheshimiwa, na mtambo wa baridi wenye magurudumu, maana Mheshimiwa hutoka jasho kirahisi mbele ya maendeleo. Wakatafuta soketi, wakachomeka kila kitu kwenye ukuta wetu.

Waziri wa kwenye skrini alikuwa amefika katikati. Kadi zikawa tano, zikawa tatu, zikawa mbili. Daraja likayeyuka chini ya miguu yake, yeye asijue, akaendelea kutembea na kupunga mkono, akashuka taratibu mtoni hadi kiunoni, hadi kifuani, mwisho ukabaki mkono tu ukipunga juu ya maji.

Mkaguzi alisogea, akanong'ona kwamba sasa nimeiba sita, na askari akaniomba kwa adabu nichukue mfuko wangu.

"Nani anahusika na mashine hii?" Waziri aliuliza.

Nikasema ni mimi.

"Sasa mnaitengenezaje?"

"Kwa njia ya kitaalamu, Mheshimiwa. Tunaondoa kimoja kimoja mpaka ikae sawa."

"Basi anzeni, nasubiri. Mnaanza na kipi?"

Nilimtazama Fundi. Fundi alikuwa tayari anakunja waya wa mtambo wa baridi kuuzungusha kwenye kiwiko chake.

"Siku zote tunaanza na kilichoingia mwisho, Mheshimiwa," nilisema, nikampita askari, nikamfungulia Waziri mlango.