Hakimu Mbele ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 4 Machi

Nimemficha mke wangu jambo tangu mwaka jana. Kwa kuwa daktari ameniambia niweke mambo yangu sawa, naanza na hili: siendi kliniki ya viungo. Sijawahi kwenda. Nakwenda chuo cha ualimu. Nasomea ualimu wa sekondari, masomo ya jamii.

Nina miaka sabini na tisa. Moyo umechoka, miguu inavimba jioni. Karani wa udahili aliniuliza namwandikisha mjukuu yupi.

Sababu ni moja. Mke wangu alifundisha masomo ya jamii maisha yake yote. Mimi nilikuwa hakimu maisha yangu yote. Na maisha yetu yote tumebishana kazi ya nani ngumu. Mimi humwambia nilikuwa nikitoa hukumu watu wanazimia. Yeye hunijibu kwamba mahakamani watu hunyamaza kwa sababu kuna askari mlangoni. Kisha mwaka jana akasema, mbele ya wakwe, kwamba Hakimu hawezi kukaa na Kidato cha Pili kipindi kimoja wakatoka wamejua kitu. Wakwe walicheka. Mmoja alipaliwa na chai.

Sifi kabla sijakijibu kicheko kile. Alhamisi ya wiki ijayo nina somo la tathmini, shule halisi, wanafunzi halisi. Nikifaulu, napata cheti. Nitakiweka mezani karibu na bakuli la sukari. Sitasema neno.

Jumanne, 5 Machi

Leo tulifundishana sisi kwa sisi. Mmoja anakuwa mwalimu, wengine wanajifanya wanafunzi.

Mpinzani wangu ni binti ninayemwita Bi Manila, maana hatembei bila mabango ya karatasi ya manila, rangi zote zimo. Leo alikuja na bunge la maboksi. Wabunge wa maboksi! Spika ana nywele za pamba. Darasa likapiga makofi. Mkufunzi akatabasamu, na mkufunzi wetu si mtu wa kutabasamu. Huandika kwa kalamu nyekundu huku unaongea, wala hainui macho.

Zamu yangu. Niliingia, nikasubiri wasimame. Hawakusimama. Nikaeleza mgawanyo wa madaraka: bunge linatunga sheria, serikali inatekeleza, mahakama inatafsiri. Kimya kikatanda. Kimya kizuri, cha daraja la kwanza. Nilipomaliza nikawaambia asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Ilinitoka tu.

Mkufunzi akasema kile kimya hakikuwa heshima, kilikuwa usingizi. Akasema siku hizi somo ni shirikishi, wanafunzi waulize, wajibu, wabishane. Akataka kujua kwa nini hakuna aliyeniuliza swali. Nikamwambia hakuna aliyethubutu. Nilisema kwa fahari. Kalamu nyekundu ilikimbia.

Bi Manila alinibebea mkoba hadi kwenye teksi. Akaniambia pole babu, nilikuwa vizuri, ila sauti yangu ni kama ya tangazo la msiba. Mimi babu yake tangu lini? Nilitaka kumrekebisha, aniite Mheshimiwa. Lakini mkoba ulikuwa mzito.

Alhamisi, 7 Machi

Nina mpango! Wanataka shirikishi, watapata shirikishi.

Shule ya mazoezi iko nyuma ya chuo. Wakati wa mapumziko niliketi kwenye benchi la uwanjani na mfuko wa pipi za maziwa. Kidato cha Pili wakanizunguka. Nikachagua wanne wenye sauti, nikampa kila mmoja jibu lake, kwa mpangilio wa maswali yangu. Wa kwanza: bunge. Wa pili: serikali. Wa tatu: mahakama. Wa nne, kijana wa miraba minne: ili madaraka yasiwe mikononi mwa mtu mmoja. Wakakariri, wakapata pipi. Niliwafundisha hata kukuna kichwa kwanza, kama watu wanaofikiri.

Najua jina la kitendo hiki. Ni kufundisha mashahidi. Nilishamfokea wakili mmoja kwa jambo hilo hilo hadi miwani yake ikaingia ukungu. Lakini hapa si mahakamani, na yule wakili hakutoa pipi.

Kuna msichana mrefu anayekaa dirishani. Alikataa pipi. Akauliza babu, mbona unatuhonga? Nikamwambia hii ni motisha. Akasema haya, na akaendelea kunitazama. Simpendi hata kidogo. Angefaa kuwa wakili.

Nyumbani mke wangu akauliza kliniki imekwendaje. Nikamwambia wamenivuta mguu. Mguu upi? Yote miwili. Akasema basi njoo ule, Hakimu, waliovutwa miguu huona njaa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeanguka bafuni. Si sana. Mke wangu alinikalisha kitandani, akanikanda kifundo cha mguu. Kisha akasema kesho twende wote kliniki, ana maneno na hao wanaonivuta. Nikamwambia kliniki ile hairuhusu wake za watu. Kliniki gani hiyo? Ya kijeshi, nikasema.

Ya kijeshi! Nimesikiliza waongo kazini maisha mazima, nikatoka bila kujifunza hata mbinu moja.

Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba moyo si kitu cha kuchezea, na kwamba nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Nikamwambia Alhamisi ndiyo ya mwisho, baada ya hapo napumzika. Akanifunika miguu.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimechora bango langu mwenyewe. Mihimili mitatu ya dola. Rula sikutumia. Bi Manila akalitazama, akauliza kwa adabu kama hizo ni chupa au makaburi. Nikamjibu ni mihimili. Akasema ahaa.

Nilikwenda kumeza dawa zangu. Niliporudi nikamkuta amepiga magoti sakafuni, anainyoosha mihimili yangu kwa rula, ulimi nje. Juu ya mhimili wa mahakama amechora kizee chenye fimbo. Nikamwambia hilo ni dharau. Akaniuliza akifute? Nikamwambia aache, hakuna muda.

Kizee kimefanana nami. Amekipa nywele nyingi zaidi.

Alhamisi, 14 Machi

Siku yenyewe. Koti la kazi, tai, fimbo. Mkufunzi nyuma ya darasa na kalamu yake. Mashahidi wangu wanne wamepangwa mstari wa mbele. Msichana mrefu dirishani.

Kabla sijafungua mdomo, mkufunzi akasema muda umeliwa na mkutano wa asubuhi, kwa hiyo niruke utangulizi. Nianze na umuhimu wa kugawa madaraka.

Nianze na swali la nne! Nikauliza kwa nini madaraka hugawanywa. Shahidi wa kwanza akasimama, akakuna kichwa, akasema: bunge. Nikamwambia afikiri tena. Hakufikiri. Wa pili akaona zamu yake imefika, akakuna, akasema: serikali. Wa tatu akakuna. Mkufunzi akauliza darasa hili lina chawa?

Nikaona niokoe jahazi. Nikauliza upesi ni chombo gani hutunga sheria. Yule wa miraba minne akainuka, akakuna kichwa kwa mikono yote miwili, akanguruma: ili madaraka yasiwe mikononi mwa mtu mmoja! Halafu sauti moja kutoka nyuma ikalalamika kwamba na yeye anajua kujibu, mbona hakupewa pipi.

Darasa likalipuka. Nikapiga meza kwa fimbo nikaamuru utulivu mahakamani. Ndipo wakacheka vizuri. Kifua kikanibana. Nikaketi. Nikasema moyoni, mke wangu ameshinda, sasa nife.

Msichana mrefu akanyoosha mkono. Hakusubiri ruhusa. Babu, hakimu akikosea, nani anamwambia?

Jibu la kwenye andalio la somo ni mahakama ya rufaa. Nililijua vizuri kabisa. Lililonitoka ni: mke wangu.

Hawakucheka. Akauliza, na usipomsikia? Nikasema mara nyingi sikumsikia. Yule wa miraba minne akadakia kwamba basi mke peke yake hatoshi, anatakiwa mtu mwenye nguvu za kumlazimisha hakimu. Mwingine akampinga: na huyo mwenye nguvu akikosea, nani anamwambia? Mmoja akapanda juu ya kiti. Wakanisahau. Wakabishana wao kwa wao kuhusu bunge, serikali, mahakama na baba mmoja anayeshika rimoti ya televisheni peke yake. Mimi nimeketi, fimbo magotini, sina la kusema. Kengele ikalia, hawakutoka.

Sijafaulu. Mkufunzi ameandika kwamba nusu ya kwanza ilikuwa aibu, na nusu ya pili ilikuwa somo, lakini somo lenyewe halimo kwenye andalio. Naruhusiwa kurudia muhula ujao. Akaongeza kwa mdomo kwamba yeye mwenyewe alisahau kuandika pale mwishoni.

Nyumbani nikasema kliniki imeisha. Mke wangu akanivua koti, akaenda dirishani, akalikung'uta. Vumbi jeupe likatoka. Akasema kliniki hii ina chaki nyingi sana. Akasema anaikung'uta tangu wiki ya kwanza, na kwamba mtu aliyelala na chaki kwenye nywele maisha yake yote haulizi inatoka wapi. Kisha akaketi: haya, Hakimu, Kidato cha Pili wamekufanya nini?

Nikamwambia yote. Pipi, chawa, kiti. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwuliza kwa nini hakunizuia. Akasema nilikuwa nimeanza kupiga mluzi asubuhi.

Halafu akawa mwalimu. Akasema niliponyamaza wakabishana, pale ndipo nilipofundisha. Usipange, akasema. Uliza, kisha kaa. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza nimeelewa kweli? Nikamwapia.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeyatafakari maneno yake siku mbili. Yuko sahihi kabisa. Somo zima lilikuwa swali la yule msichana mrefu.

Kwa hiyo muhula ujao nitampanga aliulize tena. Neno kwa neno, kama vile limemjia tu. Pipi hataki, nitajaribu biskuti. Wa miraba minne atadakia nikikohoa. Yule wa kwenye kiti atapanda nikishika tai. Mimi nitashikwa na bumbuazi. Nimefanya mazoezi ya bumbuazi mbele ya kioo cha kabati, na bado kuna kazi. Kila nikijitazama naonekana mtu anayejua jibu. Daktari anasema muhula ujao ni mbali kwangu. Nimemwambia akate rufaa.

Asubuhi tulitembea hadi dukani, mimi na Mwalimu, polepole. Lori likasimama katikati ya barabara. Akashuka mwanamume mwenye kipara na ndevu za mvi, akainama mbele ya mke wangu kama mtoto. Shikamoo, Mwalimu! Akawaita wanawe washuke wamwone aliyemfundisha kusoma ramani, kwamba pasipo yeye leo asingekuwa anapeleka mizigo nchi nzima bila kupotea. Magari nyuma yake yakapiga honi, hakujali. Kisha akanitazama, akauliza huyu mzee ni nani. Mke wangu akasema: ni mume wangu, alikuwa hakimu. Yule bwana akarudi nyuma hatua moja. Alifanya hivyo kwa heshima, lakini alirudi nyuma.

Basi nikiri hapa, maana mdomoni haitoki. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yangu na nimelijua hilo tangu tulipooana. Cheti sikihitaji, na wakwe wacheke wanavyotaka. Ninachotaka, kabla sijazikwa, ni tusimamishwe tena barabarani, waulize huyu mzee ni nani, na yeye aseme: huyu naye ni mwalimu.