Kamati ya Kupima Sauti Iliyokwisha Nunuliwa

Halmashauri ya Mji ina furaha kuutangazia umma kwamba masikio ya wananchi, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakitumika kiholela, yametambuliwa rasmi kuwa rasilimali ya maendeleo, na kwamba kwa ajili yake zimenunuliwa spika mbili.

Aliyeandika tangazo hilo alilisoma tena kwa sauti, peke yake ofisini, akaona limekaa. Huyo alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Usikivu. Mjini walimwita Kaimu tu, maana alikuwa amekaimu mpaka kiti cha ofisi kikachakaa kabla yeye hajathibitishwa kukikalia. Kila alipouliza lini atathibitishwa, alijibiwa kwa adabu kwamba suala lake liko mikononi mwa Kaimu Afisa Utumishi.

Spika zenyewe zilikuwa na kimo cha kabati la nguo. Mbao zake, kwa maelezo ya muuzaji, zilitoka kwenye mti uliokulia mahali pasipo kelele. Waya wake ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto, ili sauti isichoke njiani. Muuzaji alizishusha mwenyewe, amevaa glavu nyeupe, akaomba mtu asikohoe karibu nazo mpaka zizoee hewa. Kaimu hakupoteza muda. Alitoa waraka wa kupiga marufuku kikohozi ghorofa ya chini, na wenye kikohozi wakaelekezwa ghorofa ya juu, Idara ya Afya.

Bei yake ilisomwa kikaoni kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama lisomwavyo jina la marehemu. Ingetosha kununua pampu ya maji ya mtaa wa bondeni pamoja na mabomba yake, na fundi akabaki na chai. Watu wa bondeni, ambao bomba lao lilikuwa likitoa upepo tu, walimtuma muuza karanga aulize swali la kihuni kabisa: "Spika gani hizo? Zinapika na kufua?"

Ndipo Mheshimiwa Mwenyekiti akaunda Kamati ya Kupima Ubora wa Sauti Iliyokwisha Nunuliwa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa uhuru kamili kama spika zinastahili bei yake, ilimradi ionekane kwamba zinastahili. Akamwita Kaimu ofisini.

"Kaimu, mwanangu, nasikia watu wanasema nimenunua makabati yanayoongea."

"Ni husuda tu, Mheshimiwa."

"Siku ya mkutano wa hadhara nitahutubia kwa spika hizi. Nikimaliza, wewe utapanda jukwaani usome uamuzi wa Kamati. Ukisema zinastahili, kesho yake unaamka Mkurugenzi. Mkurugenzi kamili, bila mkia wala kiambatisho."

"Na zikionekana hazistahili, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti alitazama dirishani. "Bohari ya viti vibovu haina mtu."

Kaimu aliijua bohari ile. Afisa wa mwisho kupelekwa huko alisahauliwa kabisa, akakumbukwa siku waliyohitaji kiti.

Kamati ikaanza kazi. Wajumbe walikuwa daktari wa mifugo, kwa kuwa hata ng'ombe ana masikio. Mwalimu wa kwaya. Na mwakilishi wa vijana, mzee mmoja mwenye wajukuu. Walisikilizishwa mlio wa mvua. Ulikuwa mvua kweli, na matone yake, na bati lake, hata mwalimu wa kwaya akatoka mbio kwenda kuanua nguo. Kaimu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba hayo ndiyo maji ya kwanza kufika mjini mwaka huo.

Muuzaji alionya pia kwamba spika za daraja hilo hazizimwi ghafla, zinapata mshtuko. Kaimu akaifungia swichi ndani ya kisanduku cha chuma, akatunga kanuni: ufunguo utolewe kwa idhini ya Mkurugenzi tu. Mkurugenzi hakuwapo, kwa hiyo ufunguo alikaa nao yeye, mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nyumbani hakupata heshima anayostahili nabii. Mkewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku akiuma uzi.

"Baba watoto, hebu nikuulize. Umewahi kusikia Mwenyekiti anachosema?"

"Mke wangu, mimi ndiye ninayepanga viti vya mkutano."

"Sikuulizi viti. Nakuuliza maneno."

Kaimu akafikiri. "Sentensi nzima, la. Lakini hali yake naipata."

"Mimi nasikia," alidakia mama mkwe kutoka kwenye mkeka. "Neno kwa neno."

Mama mkwe huyu ndiye Bibi Makofi, na hapa lazima tusimame kidogo, maana bila yeye mji usingejua kushangilia. Spika za zamani zilikuwa mbili, za bati, zimefungwa juu ya nguzo ya umeme. Zilitafuna maneno kama mbuzi atafunavyo karatasi, na kila Mwenyekiti alipofika mwisho wa sentensi ndefu zilipiga yowe: wiiii! Yowe likilia, Bibi Makofi, aliyekaa mbele kabisa juu ya kigoda chake, alipiga makofi. Bibi akipiga, uwanja wote unapiga. Mwenyekiti naye alikwisha kujifunza kutua hapo hapo na kuinua mkono, akiamini anapendwa. Kati ya yowe na yowe kila mtu alijiokotea neno alipendalo akaenda nalo kwake. Aliyetaka barabara alisikia barabara. Bibi Makofi alitaka maji.

"Alisema maji yanakuja Alhamisi," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

"Alhamisi ipi, Mama?" aliuliza mkewe Kaimu.

"Hakutaja ipi. Lakini aliitamka kwa uchungu."

Siku ya mkutano, alasiri, uwanja wa mbele ya ofisi za Halmashauri ulijaa. Kaimu alikuwa amezielekeza spika kwa wananchi, zikalipa jukwaa mgongo, kwa adabu, Mheshimiwa asisumbuliwe na sauti yake mwenyewe. Maiki, iliyokuja na spika, iliwekwa mezani mbele ya Mwenyekiti kama ua. Madiwani walijipanga kulia, Mweka Hazina kushoto.

"Ndugu wananchi," alisema Mwenyekiti.

Watu waligeuka nyuma. Kila mmoja alidhani kaambiwa yeye, kutoka begani.

"Katika muktadha wa kuimarisha mkakati wa kuandaa mwelekeo utakaotuelekeza kwenye maandalizi..." Akatua. Akainua mkono.

Yowe halikulia.

Bibi Makofi alikuwa amekwisha kutenga viganja hewani, anangoja kama mtu aliyepotelewa na chafya. Uwanja ulimtazama yeye. Yeye alizitazama spika. Mwenyekiti aliushusha mkono taratibu, akaanza sentensi nyingine, ndefu zaidi, nayo ikasikika yote, kichwa mpaka mkia, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Kumbe ndiyo huwa hivi?" aliuliza muuza karanga.

"Shh," alisema jirani yake. "Labda kitu kinakuja."

Kaimu, chini ya jukwaa, alikuwa anatokwa na jasho la furaha. Sauti ilikuwa safi kama maji ya kwenye Kamati. Akapapasa hotuba yake ya uamuzi mfukoni na kujiona kesho asubuhi, anaingia ofisini bila mkia.

Mwenyekiti, kama alivyozoea miaka yote, aliziba mdomo kwa kiganja akamwinamia Mweka Hazina. Spika zikauchukua mnong'ono ule na pumzi yake, na mate yake, zikauweka katika kila sikio la uwanja.

"Wamekuwaje leo hawa? Hawapigi makofi."

"Labda wanasikia, Mheshimiwa."

"Wasikie nini? Sijasema kitu."

"Basi wape maji. Wakipewa maji huchangamka."

"Ndiyo, niwape Alhamisi. Kila mwaka nawapa Alhamisi, na hakuna aliyewahi kuuliza ipi." Akakohoa, na ghorofa ya juu, Idara ya Afya, dirisha likafunguliwa. "Huyu Kaimu yuko tayari na uamuzi wake?"

"Yuko tayari tangu alfajiri. Anaamini kesho ni Mkurugenzi. Utampa kweli?"

"Nikimpa, nani atanipangia viti? Yule atazikwa Kaimu."

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuona mdomo wa bei ile. Kaimu alisimama palepale, karatasi mkononi, na jasho likabadilika ladha.

Bibi Makofi alishusha viganja. Akajisukuma kutoka kigodani, goti kwanza, kisha kiuno, mpaka akasimama.

"Mwanangu," alisema, "mimi nauliza. Ipi?"

Mwenyekiti alimtazama bibi, akamtazama Mweka Hazina, kisha maiki. Akaisukuma mbali, upande wa madiwani, kwa kidole kimoja, kama mtu anavyomsukuma nge. Maiki ikausikia hata ukucha.

"Kaimu!" alinguruma. "Zima! Zima hayo makabati!"

Watu wote wakamgeukia Kaimu. Ufunguo ulikuwa mfuko wa shati, upande wa moyo, na chini yake moyo ulikuwa unapiga kwelikweli. Akizima, labda atasamehewa kusikia alichosikia. Asipozima, viti vibovu vinamngoja. Alimwona mkewe katikati ya watu, amekunja mikono, haumi uzi wala nini. Kaimu akakohoa kidogo, kinyume cha waraka wake mwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "kwa mujibu wa kanuni, ufunguo unatolewa kwa idhini ya Mkurugenzi. Mimi ni Kaimu tu. Na nimesikia sasa hivi kwamba nitazikwa hivyo."

Upande wa kulia madiwani, ambao ndio humweka Mwenyekiti na kumwondoa, waliinamiana vichwa.

"Tukimtetea, na sisi tumekwisha."

"Punguza sauti, wewe."

"Nimepunguza."

"Hujapunguza, wanakutazama."

"Basi niinue mkono?"

"Inua. Inua haraka."

Mikono ikainuka, yote. Ilipitishwa, mbele ya umma na kwa sauti ya daraja la juu, kwamba Mwenyekiti atakuwa Kaimu Mwenyekiti kuanzia dakika hiyo, mpaka maji yafike bondeni Alhamisi. Bibi Makofi aliombwa kufafanua ni Alhamisi ipi. Alisema ni hii inayokuja.

"Tumeibiwa!" alipiga kelele Kaimu Mwenyekiti. "Spika hizi ni ghali mno! Huu ni ubadhirifu! Zirudishwe leo leo, tufunge zile za bati!"

"Haziendi popote!" alijibu muuza karanga, yule yule aliyeuliza kama zinafua. "Zinastahili! Kila senti!"

"Na maji yakija tununue nyingine!" aliongeza mtu wa bondeni.

Katika makelele hayo Kaimu alipanda jukwaani, kwa kuwa ratiba ilisema apande. Akaikunjua karatasi yake, akaituliza maiki, akasoma kama ilivyoandikwa, bila kubadili hata nukta: Kamati, baada ya kuchunguza kwa uhuru kamili, imeridhika kwamba spika hizi zinastahili bei yake, na kwamba faida yake kwa umma itaonekana siku ya kwanza zitakapotumika.

Kisha akamgeukia Kaimu Mwenyekiti, aliyekuwa ameketi kichwa mikononi. Akamhurumia. Hakuna mjini aliyeijua njia ile kama yeye. Akamwinamia, akaziba mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza kwa upole:

"Usijali, Mheshimiwa. Mwanzoni ukaimu unabana. Baadaye kiti ndicho kinachochakaa."

Bibi Makofi alisikia neno kwa neno. Akarudi kigodani pake, akakaa vizuri, akapiga makofi.