Jemadari Agoma Kuwika

Jumatano, 9 Julai
Nimempata jogoo! Kuchi, miguu mirefu, jicho la askari. Muuzaji wa gulioni Mkuyuni kaapa kwa Mungu ni pora, jogoo mchanga, wiki hii hii ataanza kuwika na kupanda. Nimemwita Jemadari. Jogoo wa Mama Nasra kaliwa na kicheche, na mama huyo katamka wazi: kijana atakayewapa kuku wake vifaranga ndiye alete posa ya Nasra. Hatibu fundi baiskeli naye anamtaka Nasra. Ana jogoo, ndiyo, lakini kishingo! Shingo haina hata unyoya. Aibu tupu.

Ijumaa, 11 Julai
Jemadari kahamia kwa Mama Nasra. Kimya. Hatibu kapita, kauliza kwa sauti kama jogoo wangu ni bubu. Nimemjibu kuchi hawapigi kelele ovyo. Nasra kacheka. Sijui kamcheka nani.

Jumapili, 13 Julai
Akili ni nywele! Alfajiri nimejibanza nyuma ya banda, nikafungulia mlio wa jogoo kwenye simu. Safi kabisa! Mama Nasra katoka anamshukuru Mungu. Kumbe mlio ukiisha linakuja tangazo. Jemadari akaanza kunadi magodoro, tena kwa sauti ya kike. Mama Nasra kanikuta nimechuchumaa kwenye mbolea. Nimempa shikamoo. Kasema Jemadari asipowika mpaka keshokutwa, anamchukua wa Hatibu.

Jumanne, 15 Julai
Hatibu kaleta kishingo wake. Vita! Kishingo kashusha bawa, kamzunguka Jemadari. Jemadari kachuchumaa. Mbinu hiyo, nikamweleza Mama Nasra, anamvuta adui karibu. Adui kampanda mgongoni. Tena na tena! Jemadari kajikung'uta, kaendelea kudonoa pumba. Ujasiri gani huo! Nimempigia makofi. Mama Nasra kajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka. Maskini, ana huruma sana. Nimemrudisha Jemadari nyumbani apumzike.

Jumamosi, 19 Julai
Jemadari kakomaa! Kataga yai.
Nimekaa chini. Nimelishika, bado la moto. Nimemlaani muuzaji, ukoo wake na gulio lote. Nimelia kidogo, nikimfikiria Nasra.
Halafu nikajipiga kofi la paji la uso. Mjinga mimi! Jogoo wa Hatibu anajua kupanda tu, mengine yote anategemea kuku wa watu. Wangu anataga mwenyewe. Kesho asubuhi napeleka posa, yai mkononi. Mama Nasra aniambie jogoo gani mwingine Morogoro nzima anaweza kazi hiyo.