Warudishieni Maneno Yao Mume na Mke wa Hotelini

Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Sinema,

Pokea salamu za mjane wa mfasiri wako. Mimi sijambo, isipokuwa kwa hili ninalokuandikia. Natumaini nawe na wafanyakazi wako wote hamjambo, hata yule mkata tiketi aliyenijibu haraka haraka.

Wiki iliyopita nilikuja kutazama ile filamu ya zamani isiyo na rangi, ya mume na mke waliohamia ugenini kwa kazi ya mume ya kupima madaraja, wakapanga chumba hotelini, na ndoa yao ikaanza kuingia baridi. Unaifahamu. Marehemu mume wangu aliifasiri miaka mingi, amekaa pembeni ya pazia, kipaza sauti mkononi, kikombe cha maji ya moto miguuni. Sasa mmeleta nakala mpya yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wenu amekuja, na mwenyeji ndiye aliyeugua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maneno yamebadilishwa. Mume anaporudi kazini na kuvua koti lililolowa, tangu zamani mkewe humwambia, "Pole na mvua, mume wangu. Maji ya kuoga yako tayari." Ukumbi mzima ni shahidi. Maandishi yenu yanasema, "Umechelewa." Basi. Nilimuuliza mkata tiketi, akasema, "Mama, hayo ndiyo maneno yao ya kweli. Mzee alikuwa anatunga." Nakuomba umwonye kijana huyo kwa upole. Mume wangu hakuweza kudanganya hata umri wake.

2. Samahani ya mume imeondolewa. Wakiwa mezani, kila mmoja anatazama sahani yake, yule mume alikuwa akisema, "Mke wangu, ile sufuria niliiunguza mimi, paka nilimsingizia tu." Ni kweli kwamba hotelini hapakuonekana sufuria wala paka, na siku ya kwanza watu waligeuka wakatazamana. Mimi nilielewa vizuri sana, kwa sababu sufuria ilikuwa yangu. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi kutoka kwako, nikimsemesha, alinionyesha koo kwa kidole, maana yake maneno yote yamebaki ukumbini. Basi nami nikazoea kuyafuata huko huko, nikakaa mstari wa tatu kama watazamaji wengine. Sasa pale pale penye samahani maandishi yanasema, "Nipe chumvi." Ndugu Meneja, chumvi!

3. Ndoa za watu zimeingia hatarini. Fundi viatu wa mtaani kwetu na mkewe waliwahi kugombana hadi wakatenganisha vijiko. Wakaja kutazama filamu hii enzi za marehemu, wakatoka wameshikana mikono. Juzi wameitazama hii ya maandishi, na hawajafika hata mlangoni, mke akasema, "Umeona? Kama hao wa hotelini wameshindwa, sembuse sisi wa chumba kimoja!" Amehamia kwa dada yake na cherehani yake. Kwa kuwa filamu ni yako, naona ni haki uende wewe mwenyewe kumbembeleza. Uende na gari, maana cherehani ni ile ya chuma.

4. Wale wa hotelini wameachana. Hili sikulijua kabisa. Miaka yote nimeamini kwamba yule mke anapopanda treni anakwenda kumwona mama yake, na Jumatatu atarudi. Ndivyo tulivyoambiwa. Nilikuwa hata nikimhurumia mume, kwamba atajipikia nini. Maandishi yanasema harudi. Naomba waliotengeneza filamu waandikiwe barua, waeleze kwa nini walituficha. Kama wamekwisha kufariki, waulizwe watoto wao.

5. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Kabla ya treni, mke anasimama dirishani, amempa mumewe mgongo, na kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Hapo mume wangu alikuwa akishusha sauti, haigizi mwanamume wala mwanamke, anasema, "Mimi nipo. Kusema sijui, lakini nipo." Sauti yake haikurekodiwa popote. Nilikuja kwa ajili ya hapo tu. Sijachanganyikiwa, nilijua kitini hayupo, ila nilidhani maneno yake yatakuwa yamebaki kwenye filamu. Ninyi mmeweka nini? Hamkuweka kitu. Hata maandishi hayapo. Ni mvua tu kwenye kioo.

Kwa hiyo naomba maandishi yafutwe, nakala irudishwe ilikotoka, na maneno ya marehemu, ambayo ninayo yote kichwani, yarejeshwe mahali pake. Ikishindikana, ukumbi ufungwe mpaka wale wawili wapatane.

Nisalimie mtu wa mitambo, mama wa usafi, na mkata tiketi pia. Nimekwisha kumsamehe nusu.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako kwa subira,
Mama wa Mstari wa Tatu

Baada ya sahihi: Ndugu Meneja, nilipoileta barua hii nilikuta filamu ndiyo inaanza, nikaingia nayo mkobani. Kando yangu alikaa bibi mmoja, mfua nguo, hajui kusoma. Akanivuta mkono, "Mwenzangu, wanasemaje hao?" Nikamsomea kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Tulipofika dirishani akauliza, "Na sasa anasemaje?" Nikatazama penye maandishi, hapakuwa na kitu. Nikamwambia, "Mke anasema, najua upo. Siku zote nilikuwa nakusikia." Watu wa nyuma wakapaza sauti, "Sema kwa nguvu, mama, huku hatupati!" Nikarudia, ukumbi mzima ukasikia. Kwa hiyo maandishi yenu yaacheni yalivyo. Ila pale dirishani, nakusihi, msije mkaongeza hata herufi moja.