Malalamiko Kuhusu Gari Lisilochemka Tena

Jadida, Wete
Alhamisi, 1 Septemba 1960

Kwa Ami Shaame, Fundi wa Magari, Chake Chake

Ami yangu mheshimiwa,

Habari ya rejeta, hilo tangi la maji ya kupozea injini uliyotusafishia, ndiyo hasa niliyotaka kukueleza Jumapili nilipokuja karakana, kabla hujaingia tena chini ya gari ikabaki miguu yako tu kuonekana. Mtu hawezi kulalamika mbele ya miguu, basi nakuamkia kwa heshima zote na kukuandikia.

Gari la mume wangu Silima lilikuwa likichemka. Kila Ijumaa tukienda Ole kumtazama mama yangu, tukifika kwenye kile kisima cha njiani, mshale wa joto ulikuwa ukipanda mpaka mwisho, mvuke ukitoka, nasi tukikaa kwenye nyasi kungoja injini ipoe. Wewe umesafisha rejeta, umetia mkanda mpya wa feni, na sasa mshale unakaa katikati tangu Wete mpaka Ole. Watu wanakusifu. Mimi, mke wa miezi miwili, nina malalamiko yafuatayo:

1. Safari iliyokuwa ikichukua saa mbili sasa ni dakika arubaini. Saa moja na dakika ishirini ulizozikata zilikuwa zangu.

2. Nyumba yetu ina watu tisa na kuta zisizofika juu. Silima akiwa nyumbani huniuliza kama chai ipo, nami humjibu ipo. Lakini pale kisimani, ameshika kopo la maji akingoja kifuniko cha rejeta kipoe, alikuwa akizungumza. Hapo ndipo alipoanza kuniita kwa jina langu, Mwatum, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya. Hapo ndipo aliponiambia kwamba siku ya harusi alitetemeka mpaka akavaa kanzu nyuma mbele. Siku moja nilimhimiza twende, akanitazama akasema, "Injini haitaki haraka." Ami, sijasikia neno zuri kama hilo maishani mwangu. Tangu utengeneze gari, tumerudi kwenye chai.

3. Lilipokuwa likichemka, hakuna aliyetaka kulipanda. Mama mkwe wangu, Bi Mwanawema, aliapa kwamba yeye hapandi birika. Wifi yangu Siti alisema heri miguu yake. Sasa linaaminika. Ijumaa iliyopita tulikuwa watu sita na kuku wawili, nami nilikaa nyuma nimepakata kapu la papa mkavu. Mume wangu nilimwona kisogo tu. Ni kisogo kizuri, lakini hakinitoshi.

4. Nimekisoma kitabu cha gari kwa Kiingereza changu cha sekondari. Kinasema injini ikikaa baridi mno huharibika, kama inavyoharibika ikipata moto mno. Ikiwa chuma kimewekewa kiwango chake cha moto, ndoa je?

Kwa hiyo naomba, kwa adabu, uturudishie ule mkanda wa zamani uliolegea, na kwenye rejeta utie matope kiasi. Sitaki injini ife. Ichemke mara moja kwenda na mara moja kurudi, pale kisimani penye kivuli, na isichemke kabisa tukiwa na mgonjwa. Baada ya Ijumaa mbili hivi, abiria watashuka wenyewe.

Nisalimie Bi Mwanaasha na watoto wote, na mafundi wenzako, na hata wale wanaoshinda karakana bila ya kuwa na gari.

Mimi, mke wa mwanao,
Mwatum

Nyongeza, Jumamosi: Tafadhali usiguse kitu. Jana, barua hii ikiwa bado haina stempu, tulikwenda Ole, nami nimebanwa baina ya Bi Mwanawema na Siti. Tulipofika kisimani Silima akasimamisha gari, akasema limechemka. Niliutazama mshale. Ulikuwa katikati. Akainua boneti, akasema, "Nyinyi kaeni ndani, Mama, mvuke usije kukuunguzeni. Mwatum, njoo unishikie kopo."

Boneti ikiinuliwa, Ami, walio ndani hawaoni kitu. Tulilishika kopo tupu dakika ishirini.

Ubaya ni mmoja: Bi Mwanawema anasema hukutengeneza chochote, na anataka akuambie uso kwa uso. Nakuomba ukubali kosa. Tutamleta Chake kabla mwezi huu haujesha. Tukichelewa njiani, usitume mtu kututafuta.