Malalamiko Dhidi ya Hakimu Aliyekataa Kutaniwa

Eustakio Kasmiri,
Kijiji cha Kiegei,
Nachingwea.
Jumamosi, mwezi wa kumi.

Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Wilaya.

YAH: HAKIMU WA MWANZO KUNITIA HATIANI KWA KUMTANIA, NA YEYE KUTONIJIBU

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi habari za kazi. Ninaandika kwa unyenyekevu wote nilionao, na ukihitajika mwingine nitautafuta. Mimi ni karani mstaafu wa ghala la korosho, Mmwera, Mkatoliki, baba wa watoto watano, na tangu Alhamisi ya wiki iliyopita ni mhalifu.

Mahakama iliyonitia hatiani ni ya Mwanzo, ya huku kwetu. Jina lake silitaji kwa sababu kosa moja linanitosha.

Nilikuwa na shauri la mpaka na jirani yangu Masoudi, juu ya mikorosho mitatu ambayo yeye anasema ni yake na mimi nasema ukweli. Hakimu alikuwa mgeni, hajamaliza mwezi kituoni. Karani alipomtaja kuwa ni Mheshimiwa Teofili Gama kutoka Songea, nilifurahi kuliko wote mle ndani. Huyo ni Mngoni. Nawe unajua, na kama hujui basi hujakaa kusini: Mngoni na Mmwera ni watani tangu babu zao walipotujia na mikuki wakala chakula chetu, tukapigana, tukachoka wote, tukaamua kutukanana maisha. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna pa kushtaki. Ukifa anakuja kukuzika, na hapo pia anakutukana.

Basi aliponiuliza kama nina la kusema kabla hatujaanza, nilisimama, nikavua kofia, nikasema: "Ninalo. Nirudishie kwanza kuku wa babu yangu, ndipo tuzungumze korosho."

Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likavunjika mguu. Karani alijificha nyuma ya faili. Mimi nikangoja jibu. Mngoni aliyelelewa vizuri angesema kuku yule alikuwa kakonda, au kwamba aliyepaswa kuliwa ni babu mwenyewe. Huyu aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akanisomea kuwa nimeidharau mahakama, nikae mahabusu mpaka jioni, na Alhamisi hii inayokuja niombe radhi mbele ya watu. Nisipoomba, mwezi mmoja gerezani.

Sitaomba. Sababu zangu ni hizi:

1. Pale mahabusu nilikuwa na nafasi ya kuuliza, nikaelezwa jinsi kesi za dharau zinavyomalizwa katika mahakama ile. Zinamalizwa kwa neno moja. Mwanabibi simu yake ilipiga singeli katikati ya ushahidi. Alisema samahani, akaenda zake. Stefano alisinzia akakoroma. Aliamshwa, akasema samahani, akaendelea kusinzia kwa adabu. Jumanne alimwita hakimu "braza". Alipiga magoti, yakaisha. Lakini hawa wote walikosea kwa bahati mbaya. Mimi nilikusudia. Mtu aliyekusudia hawezi kusema samahani bila kusema uongo, na kusema uongo mahakamani, kama sijakosea, ni kosa jingine. Yaani natakiwa nifute kosa kwa kosa.

2. Kwenye utani hakuna kuombana radhi. Nikimwomba radhi mtani wangu nitakuwa nimekiri kwamba nilimtukana kweli, na kwamba yeye kwangu ni mtu baki. Hata Masoudi, ambaye ndiye aliyenishtaki, alikuja mahabusu na chupa ya maji akaniambia nikaze hapohapo. Mikorosho hakuirudisha, lakini maji alileta.

3. Mkosaji ni yeye. Mtani akikutukana ukanyamaza, umemdharau. Umemfanya aonekane mwendawazimu anayesema peke yake. Kwa barua hii namfungulia Mheshimiwa Gama mashtaka ya kumdharau mtani, nina mashahidi arobaini na benchi lenye miguu mitatu. Adhabu napendekeza iwe ileile: akae mahabusu mpaka jioni, kisha anijibu.

4. Akikataa, ahamishwe. Apelekwe mahali ambapo hana mtani hata mmoja, kama mahali hapo pamebaki. Na kuanzia sasa mlangoni mwa kila mahakama akae karani wa kuuliza makabila. Watani wapewe dakika tano za kutukanana, kengele igongwe, sheria iendelee. Kwa hesabu yangu kesi za dharau zitapungua zaidi ya nusu, na zitakazobaki zitakuwa za watu wasio na watani, ambao nao ni wa kuhurumiwa tu.

5. Namba hii nilitaka kuiacha. Mke wangu Koleta kasema niiandike kwa sababu ndiyo yenyewe.

Mama yangu, Bibi Edina, yuko Nandagala kwa dada yangu, na hajainuka kitandani tangu Pasaka. Nilipomsimulia habari ya kuku alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba uji, akamaliza bakuli zima. Tangu siku hiyo kila nikipiga simu hataki salamu. Anauliza, "Yule Mngoni kajibu?" Nami namwambia bado, mama, anatafuta maneno. Mama ana hofu moja tu, na si ya kufa. Watani wamekwisha huku. Mwalimu Ivan, aliyekuwa Mngoni wa mwisho pale Nandagala, alistaafu akarudi kwao, na vijana wa sasa ukiwaambia mtani wanadhani unasema timu za mpira. Mama anasema kuzikwa bila mtani ni sawa na mzigo ulioachwa stendi: watu wanalia, wanafukia, wanaondoka, hakuna aliyekucheka hata kidogo. Nilimwahidi kuwa wake yupo, tena ana koti jeusi na mwandiko mzuri. Sasa nikimwomba radhi huyu bwana, mama nitamwambia nini?

Koleta hakubaliani nami hata chembe. Korosho zinadondoka, mvua ikizikuta chini zinaharibika, na mwezi mmoja gerezani ndio msimu wenyewe. Kila asubuhi ananiambia, "Neno moja tu, baba. Sema, turudi shambani." Mheshimiwa, mke wangu ana haki. Naumia nikimfikiria akiokota peke yake. Lakini nimeshakaza shingo, na shingo ya Mmwera ikikaza haiachii kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba nifutiwe hatia, Gama ashtakiwe, Gama ahamishwe, au vyote kwa mpangilio utakaoona unafaa. Natambua kuwa akihamishwa mama atakosa mtani. Jambo hilo naliacha mikononi mwa ofisi yako.

Nisalimie makarani wote, na askari wa zamu aliyenipa kiti pale mahabusu ukimjua, na wazee wa baraza, na familia yako nyumbani. Kama hapo ofisini kuna Mngoni, mwambie ni mwizi.

Mimi niliye mtiifu kwako, si kwa yule mwingine,

Eustakio Kasmiri

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeichana leo Ijumaa ili niongeze haya.

Mama alifariki Jumapili asubuhi. Tulimzika Jumatatu palepale Nandagala. Jeneza lilikuwa limewekwa kando ya kaburi na katekista amefungua kitabu, ikaja bodaboda. Akashuka mtu hana koti, amekunja suruali mpaka magotini. Alikuwa Gama. Nani alimpa habari sijui, ingawa Koleta siku hiyo hakutaka kunitazama usoni. Hakumsalimia mtu. Aliruka ndani ya kaburi, akaketi, akasema kwa sauti ya kutosha vijiji viwili: "Hazikwi mtu hapa mpaka Mmwera huyu aniombe radhi. Na yule kuku wenu alikuwa na kideri, ukoo wetu mzima uliharisha."

Dada zangu walicheka huku wanalia. Katekista aligeukia shambani, mabega yakimtikisika. Na mimi, Mheshimiwa, nilipiga magoti kwenye ule udongo nikaomba radhi. Niliomba mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza alisema huko chini hasikii. Ya tatu sikuweza kuimaliza, machozi yalinishinda. Ndipo akatoka, akachukua beleshi, na hakulitoa mkononi mpaka tulipoweka msalaba.

Jana Alhamisi nilikwenda mahakamani. Alikuwa na koti lake. Aliniuliza majina yangu matatu kana kwamba hajawahi kuniona duniani, akaandika kwamba mshtakiwa ameomba radhi mbele ya watu, mahakama imeridhika, shauri la dharau limefungwa. La mpaka linaendelea, na Masoudi bado ni mwongo. Niliona udongo wa Nandagala kwenye viatu vya hakimu, nikapata la kusema, zuri kabisa. Nikanyamaza.

Basi namba 1 hadi 4 zifute, pamoja na mashtaka na kengele. Namba 5 iache kama ilivyo. Nikujulishe tu kwamba siku ya mazishi, alipokuwa anaondoka, alimkamata jogoo wa mama bila kuomba, akamfunga nyuma ya bodaboda. Kwa hiyo sasa ni kuku wawili.

Naomba asihamishwe mpaka na mimi nizikwe.