M ya Pili Haina Kazi

Gazeti ndilo lililoharibu kahawa siku hiyo. Wembe, kinyozi mwenye benchi, alilisoma kwa sauti huku mteja wake akisubiri na kichwa kilichonyolewa nusu: ofisi ya mji imeanza kukagua mabango. Lenye Kiingereza kibovu litapigwa X nyekundu, na fundi aliyelichora atapigwa marufuku kushika brashi.

Macho yote yakamgeukia Brashi. Karibu kila nyumba ya wageni mjini bango lake kachora yeye, na kwa jinsi anavyojivunia kazi yake, kila moja kaliwekea jina na namba ya simu kwenye kona. Kumkamata ni kupiga simu tu.

"Lile neno la malazi, akomodesheni, uliliandikaje?" akauliza Mwalimu Chaki. Huyu kafundisha Kiingereza miaka thelathini, kastaafu, sasa anapangisha wageni vyumba viwili. Bango lake kaliandika mwenyewe, maana hamwamini mtu.

"Kama inavyosikika. C moja, M moja."

"Ziko mbili mbili, ndugu yangu. Umekwisha."

Brashi akasukuma kikombe pembeni. Ana watoto wanne na hajui kazi nyingine.

"Ngoja kwanza," Wembe akaingilia. "Hiyo M ya pili inatamkwa?"

"Haitamkwi."

"Basi ni mfanyakazi hewa. Kwenye orodha yumo, kazini haonekani."

"Herufi pacha zina kazi, wewe. HOPING ni kutumaini. HOPPING, P mbili, ni kuruka kwa mguu mmoja."

"Mimi tangu nianze kutumaini kuoa naruka kwa mguu mmoja. P zangu ngapi?"

Mama Kahawa akatua birika. "Na kahawa je, Mwalimu?"

"COFFEE. F mbili, E mbili."

"Pacha jozi mbili kwenye kikombe kimoja? Sukari itaingilia wapi?"

"Kwani Kiingereza ni gari," Wembe akasema, "kitembee na tairi la akiba?"

Brashi hakucheka. Alishabeba ngazi na kopo la rangi. "Nakwenda kuziongeza kabla hawajafika. Zikikosa nafasi zitapandana."

Hakupiga hatua tatu. Maofisa wawili walikuwa wameshafika, mmoja na faili, mwingine na kopo la rangi nyekundu.

"Fundi Brashi ni nani?"

Wembe nusura amkate mteja sikio. Brashi akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hongera," akasema mwenye faili. "Nyumba za wageni ziko kumi na moja. Kumi zako zimeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Moja tu imejirundikia C na M ovyo. Tumeipiga X."

"Yenye geti la kijani?" Mwalimu Chaki akauliza polepole.

"Hiyo hiyo."

"Ni yangu. Kamusi mliangalia?"

"Kamusi imo kabatini, mzee, na mwenye ufunguo yuko likizo. Tumelinganisha. Kumi kwa moja. Rekebisha kabla ya saa kumi, la sivyo tunafunga nyumba."

Brashi alishusha pumzi, halafu akaona aibu kuishusha. Akafungua mdomo amtetee Mwalimu. Wembe akamkanyaga mguu, naye akaufunga mdomo.

Maofisa walipoondoka, Mwalimu Chaki akamgeukia fundi. "Brashi, una nafasi mchana huu?"

Saa nane walikuwa kwenye geti la kijani, Brashi juu ya ngazi, Mwalimu akiishikilia chini. C moja ilishafutika. Brashi akasita, rangi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu, samahani. Nafuta M ya kwanza au ya pili?"

Mwalimu Chaki aliziangalia kama wanafunzi wawili anaotakiwa kumfukuza mmoja.

"Futa yoyote, ndugu yangu. Zote hazina kosa."